Hisia Mseto kuhusu Riwaya ya Kichwamaji

Mwanafunzi, huenda ulipoifunga riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ulibaki na moyo mzito, usijue kama umeipenda au umeichukia. Hiyo si dalili kwamba hukuielewa. Ni hoja unayoweza kuijenga katika insha yako, mradi uonyeshe kilichoisababisha.

Kwanza, chunguza usimulizi. Riwaya hii ya mwaka wa 1974 inasimuliwa katika nafsi ya kwanza na Kazimoto, msomi wa chuo kikuu kutoka Ukerewe. Tunafungiwa ndani ya fikra zake, hivyo tunajikuta tukimwelewa mtu ambaye baadhi ya matendo yake yanatuchukiza. Manase anampa mimba Rukia, dadake Kazimoto, na masaibu hayo yanaishia katika kifo cha Rukia. Hapo tunamhurumia Kazimoto. Lakini anapotaka kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dadake Manase ambaye hana hatia, huruma yetu inaingia doa. Baadaye anamwoa Sabina huyo huyo, nasi tunabaki na shaka kuhusu kiini cha ndoa yenyewe.

Pili, tazama ufaafu wa anwani. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi; kisha mtoto wa Kazimoto naye anazaliwa katika hali iyo hiyo. Mkosaji na mlipiza kisasi wanavuna mavuno yaleyale. Kinachouma zaidi ni kwamba anayeadhibiwa ni mtoto asiyetenda lolote.

Tatu, kuna mwisho wa riwaya. Kazimoto anajiua. Wapo wanaodai kuwa mwandishi amezidisha giza hadi msomaji akakosa pa kushika. Dai hilo lina uzito, ila kumbuka kwamba kusawiri kukata tamaa si kukusifu. Kupitia falsafa ya udhanaishi, Kezilahabi anamwonyesha msomi ambaye elimu imempa maswali mengi kuhusu maana ya maisha bila kumpa jibu la kuishi nalo. Kifo chake hakitatui lolote: Sabina, aliyekwisha kumpoteza mtoto, sasa anampoteza na mume.

Katika mtihani, usiandike tu kwamba riwaya "inahuzunisha sana". Taja tukio, eleza hisia mbili zinazokinzana, kisha onyesha mbinu iliyozizua. Usiogope kukubali pande zote mbili, lakini hitimisha kwa msimamo.

Tanbihi: Iwapo kisa hiki kimekugusa kwa njia inayokulemea, usikae nacho peke yako kama Kazimoto. Zungumza na mwalimu, mzazi au mtu mwingine unayemwamini.

Zoezi
"Kazimoto anastahili kuhurumiwa na kulaumiwa kwa kiwango sawa." Jadili ukirejelea riwaya ya Kichwamaji. (alama 20)