Mji wa Reli na Mji wa Mpaka

Katika Marekani ya karne ya 19 ilikuwapo miji iliyozaliwa na gari la moshi, mfano wa Cheyenne, ambao mwaka 1867 ulichipuka nyikani kwa mahema, maduka na vilabu vya pombe hata kabla ya mataruma kuwasili. Na kila ilipofika tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa nchi hiyo, wenyeji wa miji ya namna hiyo, ambao wengi wao jana yake walikuwa wageni wasiojuana, waliandamana kwa bendi na bendera kana kwamba wameishi pamoja tangu enzi za mababu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaye ndugu wa miji hiyo, naye ni Tororo, mashariki mwa Uganda.

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati Kisumu ikihesabiwa kuwa ardhi ya Uganda. Lakini mwaka uliofuata Waingereza wakausogeza mpaka, na reli ikabaki na jina la nchi isiyokuwamo ndani yake. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1920, njia mpya ilipotoka Nakuru, ikapanda vilima vya Timboroa, ikapita Eldoret na kuvuka Malaba, ndipo Tororo ikawa njia panda: tawi moja likaelekea Soroti mwaka 1929 kuifuata pamba ya Uteso, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931.

Chini ya mwamba mkubwa wa Tororo unaoonekana kutoka mbali, pakawa na maduka ya Wahindi, na barazani mwake mafundi wa cherehani; pakawa na hamali, makarani na mafundi wa reli, watu wa kila kabila, ambao kwa kuwa Mteso, Mpadhola, Mluo na Mkamba hawakuwa na lugha moja ya mama, walisemezana kwa Kiswahili. Kuwasili kwa treni ya abiria kulikuwa tafrija tosha: aliyekuwa na mgeni alikwenda stesheni, na asiye na mgeni akaenda vilevile, kutazama wa wenzake. Lakini Wahindi walifukuzwa Uganda mwaka 1972, shirika la reli la pamoja likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na katika miaka ya 1990 abiria wakakoma kabisa, yakabaki mabehewa ya mizigo.

Busia, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya, haikupata hata hayo. Reli iliipita kando, na upande wa Kenya tawi la Kisumu likaishia Butere. Mtaa wake ulijengwa na mpaka wenyewe, na nadhani ndiyo sababu hauna msimu wa kulala. Wabadilishaji fedha husimama na mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi. Na vijana wa baiskeli, ambao ndio walioipa Afrika Mashariki bodaboda, walianza kwa kumpakia abiria nyuma na kumvusha kutoka kizuizi hiki hadi kile. Wenye kustahiki sifa zaidi, kwa maoni yangu, ni walemavu wa miguu waliozigeuza baiskeli zao za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono, kuwa magari ya shehena: sukari chini ya kiti, mafuta ya kupikia nyuma, na kijana wa kusukuma, ilhali askari wa forodha aghalabu wakiwaonea haya kuwapekua. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi mwaka 2018, malori hukaguliwa mara moja tu.

Mji huu una uhuru mara mbili kwa mwaka, tarehe 9 Oktoba ng'ambo moja na 12 Desemba ng'ambo ya pili, na mchuuzi mwenye akili huuza bendera za pande zote. Mwaka 2024 serikali ya Uganda ilizileta sherehe za taifa Busia, kwa gwaride na hotuba. Hata hivyo sikukuu ninayoiona kuwa ya mtaa hasa haina jukwaa: ni ile ya mahujaji wa Kenya wanaovuka kwa miguu, wakiimba, kwenda Namugongo kwa siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, safari ya karibu kilomita 200 kutoka mpakani, ambayo Busia si mwisho wake, bali ni mahali pa kununua maji na kugongewa muhuri.