Je, Wajua? Amri ya kufuta “Kifaransa” hufuta kompyuta nzima

Mgeni wa Linux akiuliza mtandaoni kwa nini mashine yake inasuasua, huenda mtu asiyemjua akamjibu kwa upole: “Ondoa lugha ya Kifaransa, huihitaji,” kisha akampa amri rm -fr /. Herufi fr ndizo kifupi cha Kifaransa kweli, na hapo ndipo wengi hunasa. Lakini r huagiza kuingia kila folda hadi ndani kabisa, f huagiza kufuta bila kuuliza, na ule mkwaju ni shina la mfumo mzima.

Tangu 2006, rm ya GNU hukataa kugusa shina hilo mpaka ilazimishwe. Watani hawakukata tamaa: waliongeza nyota baada ya mkwaju. Nyota hugeuzwa kuwa majina ya folda zote kabla rm haijaanza kazi, kwa hiyo kinga haioni kitu. Kabla ya kubonyeza, andika man rm usome maana ya kila herufi, au mwombe mshauri wako aieleze. Mtani hapo huingia mitini.

Lakini si utani wote wenye sumu. Mwaka 2009, katika Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waprogramu, swali la kuchambua HTML kwa regex (ruwaza za kutafutia maandishi) lilipata jibu lililoanza kama karipio na kuishia kama maneno ya aliyepagawa, herufi zikimwagika juu na chini ya mstari. Ushauri wenyewe ulikuwa sentensi moja mwishoni: jaribu kichanganuzi cha XML.