Mafuta Ghafi Yana Ukoo Wake



Hapa Malaba tunaona malori ya mafuta yakivuka kwenda Uganda kila siku. Hayo ni mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Mafuta ghafi, yale yanayotoka ardhini, hubeba alama za mahali yalipozaliwa. Tukizielewa, hatutadanganywa na mtu atakayekuja kusema, "Kisima chenu kina mafuta, changeni pesa ya kupima."

Mafuta huzaliwaje? Mwani, vijidudu na majani hufa, huzama kwenye tope chini ya ziwa au bahari. Tope hufunikwa, hugeuka mwamba, na joto la ardhini hupika mabaki hayo kwa mamilioni ya miaka. Huo ndio mwamba mama. Mafuta yakiiva huhama, hunaswa kwenye mawe mengine.

Basi, mama hutambuliwaje? Mwaka 1934 mkemia Mjerumani, Alfred Treibs, alionyesha kwamba mafuta ghafi yana chembe zilizotokana na rangi ya kijani ya majani. Leo mashine za maabara hutenganisha chembe hizo na kuzipima. Mwani wa ziwa huacha alama zake, wa bahari zake, na majani ya nchi kavu huacha nta. Alama za mafuta zikilingana na za mwamba fulani, undugu umejulikana.

Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda (2006), na ya Lokichar, Turkana (2012), yana nta nyingi, kwa sababu mama yao ni tope la maziwa ya kale ya Bonde la Ufa. Yakipoa huganda. Ndiyo maana bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto.

Na kwetu je? Miamba ya Busia ni ya kale mno, ile ya dhahabu. Si mahali pa kutafuta mwamba mama.

Mkiona utando unaong'aa juu ya maji, uguseni kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande, mara nyingi ni vijidudu vya kutu. Ukijiunga tena na kunuka, huenda ni dizeli iliyomwagika: msinywe, msiwashe moto, mwiteni afisa wa afya. Maabara itatofautisha, maana alama nyingi nzito za mafuta ghafi hubaki kiwandani yakisafishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga hata shilingi kumi, ulizeni: sampuli ilipimwa maabara gani, na majibu yako wapi?