Mwendesha baiskeli, linda kichwa chako

Ikiwa wewe huendesha baiskeli katika barabara ya Embu kwenda Meru, bila shaka unaijua miteremko yake. Mito itokayo Mlima Kenya imechimba mabonde makubwa, na barabara huteremka hadi darajani kisha ikapanda tena: Ena, Thuci, Nithi. Hapo Nithi, basi lilitumbukia mtoni Julai 2022, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ikiwa basi hushindwa na mteremko, sembuse baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi?

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Kabla dereva hajakanyaga breki, limekwisha kukukaribia kwa mita hizo zote. Hivyo basi, ni muhimu uonekane mapema. Endesha upande wa kushoto, ukielekea yanakoelekea magari. Vaa nguo nyeupe au ya manjano, hasa asubuhi za ukungu. Usiku, washa taa mbele na nyuma. Kabla ya kuteremka, jaribu breki zako, kwani raba zilizolika hazishiki. Mzigo ukiwa mzito, shuka uikokote baiskeli.

Vaa pia helmeti, na uifunge kidevuni. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa kwa nusu hivi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Aliyeumia kichwa huenda akainuka, akajipangusa vumbi na kusema hana neno. Saa chache baadaye, damu inayovuja ndani ya fuvu huanza kuukandamiza ubongo. Dalili zake ni maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Usimwache alale eti apumzike! Mkimbize katika hospitali kubwa, Embu au Meru, iliyo karibu. Damu hiyo ikitolewa mapema, mgonjwa aweza kupona kabisa. Ikicheleweshwa, hufa au kubaki kilema.

Na akiwa angali amelala barabarani, zuieni magari kwanza. Msimnyanyue kwa mikono na miguu. Huenda shingo imevunjika. Mshikilieni kichwa kisiyumbe, kisha mumwinue watu kadhaa kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka.

Tahadhari kabla ya hatari.