Je, Mashine Itaweza Kukunja Shuka Kama Mama?

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mgeni anayefika Diani kutoka ng'ambo hulala juu ya shuka jeupe pe, lililonyooka kama karatasi. Asubuhi huliacha limekunjamana, jioni hukuta jingine. Hajiulizi limetoka wapi. Mimi najua, kwa sababu mama yangu anafanya kazi londri katika hoteli moja ya hapo Diani, na karo yangu hutoka kwenye mashuka hayo hayo.

Likizo ya Aprili mama alirudi kazini na habari. Fundi mmoja alikuwa amewaonyesha kwenye simu picha za mashine iliyoko Ulaya. Ina mkono wa chuma na kamera badala ya macho, nayo huokota taulo kwenye rundo na kuilisha mashine nyingine inayokunja. Wenzake mama walicheka. Mama hakucheka. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe wasoma fizikia. Kitu hiki kitafika huku?" Nilikosa jibu. Nilimwuliza mwalimu wetu, nikasoma, nikafikiri. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Neno dobi tumelipata kutoka Bara Hindi, na zamani dobi alifua kwa mikono yake miwili na sabuni. Siku hizi katika hoteli kubwa mambo ni tofauti. Mashine hufua, mashine hukamua, mashine hukausha. Shuka hupitishwa kwenye rola kubwa za moto, nalo hutoka limepigwa pasi. Katika viwanda vikubwa vya kufulia hutoka hata limekunjwa. Basi mtu atauliza, mama anafanya nini?

Mama hufanya yale yanayobaki katikati. Yeye na wenzake hupambanua nguo: shuka huku, taulo kule, foronya pale, yenye doa la mafuta pembeni. Baada ya kufuliwa, nguo hutoka zimesokotana kama kamba. Mama huzichambua, huchomoa shuka moja, hutafuta pembe zake, yeye akashika moja na mwenzake nyingine, wakalinyoosha na kulilisha rola. Basi, ni hilo tu. Lakini hilo tu ndilo lililowashinda wanasayansi kwa miaka mingi.

Kwa nini? Fikiria chupa ya soda. Ilaze, isimamishe, igeuze, umbo lake ni lile lile. Ukishaifundisha mashine kuishika, itaishika leo na kesho. Nguo sivyo. Tupa shuka sakafuni mara 100, nalo litaanguka kwa sura 100 tofauti. Pembe nne zinazotafutwa zimefichwa chini ya mikunjo, na kamera huona yaliyo juu tu.

Hebu jaribu jambo hili nyumbani, kama nilivyofanya mimi. Nilimpa mdogo wangu shuka lililovurugwa nikamwambia atafute pembe mbili. Alizipata kwa sekunde 6. Kisha nikamvalisha soksi nene mikononi, nikavuruga shuka tena. Safari hii alihangaika zaidi ya dakika moja, mara ashike tabaka mbili pamoja, mara adhani mkunjo ni pembe. Kumbe kazi hii haifanywi na macho peke yake! Vidole ndivyo vinavyotambua upindo, na kwamba hapa pana nguo moja na pale zimeshikana mbili. Vidole vya roboti bado ni kama vile vimevaa soksi.

Sasa tutazame jinsi mashine yenye kamera inavyoitatua shida hiyo. Kamera hupiga picha ya rundo kutoka juu. Nyingine hupima pia umbali, jinsi macho yetu mawili yanavyotuwezesha kujua kitu kiko karibu au mbali. Picha hiyo huingia kwenye kompyuta, nayo huchagua mahali pa kushika, mathalani mkunjo uliojitokeza juu kuliko mingine. Mkono wa chuma hushuka, hubana, huinua.

Hapa ndipo fizikia tunayosoma darasani inaposaidia. Nguo ikining'inizwa kutoka nukta moja, uzito wake huivuta chini, na aghalabu ile ncha inayoning'inia chini kabisa huwa ni pembe. Mkono wa pili huishika ncha hiyo, wa kwanza huachilia, na nguo huning'inia upya. Kamera hutazama tena kutafuta pembe ya pili. Pembe mbili zikipatikana, mikono hutanuka, nguo hunyooka, na kazi iliyobaki ni nyepesi. Ukitazama vizuri utaona kwamba ni yale yale anayoyafanya mama, ila mama haitaji kufikiria.

Je, inafanya kazi kwa kasi gani? Mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kule Marekani, walionyesha roboti iliyokunja taulo ambazo haikuwa imeziona kabla. Walizijaribu taulo 50, nayo ilizikunja zote. Lakini kila taulo ilichukua takriban dakika 25! Tupige hesabu. Hoteli yenye vyumba 100, kila chumba wageni wawili, kila mgeni taulo mbili, ni taulo 400. Roboti ile ingehitaji dakika 10,000, yaani karibu siku 7 usiku na mchana. Mama nilimpima kwa saa yangu akikunja taulo zetu nyumbani: sekunde 9 kila moja. Taulo 400 ni saa moja kamili, kama hapumziki.

Hata hivyo, tusicheke kama wale wenzake mama. Mwaka wa 2022 watafiti wa Berkeley walishirikiana na wenzao wa Ujerumani wakatoa roboti nyingine ya mikono miwili. Hii ilifundishwa kwa mifano ipatayo 4,300, mingine ikiwa imewekwa alama na watu na mingine ikijifunza yenyewe kwa kujaribu na kukosea. Ilikunja nguo 30 hadi 40 kwa saa moja. Kutoka dakika 25 hadi dakika mbili hivi, kwa miaka 12 tu! Si mchezo.

Si wote waliofaulu. Huko Japani kampuni ya Seven Dreamers ilijaribu kuunda kabati ya kukunja nguo za nyumbani, iliyoitwa Laundroid. Mwaka wa 2019 ilifilisika. Kwa upande mwingine, kampuni ya Inwatec ya Odense, Denmark, huunda roboti zinazookota nguo chafu moja moja na kuzipitisha kwenye eksirei, ili kalamu, sindano au mkasi uliosahaulika mfukoni uonekane kabla haujamdhuru mtu. Nayo kampuni ya sewts ya Munich, Ujerumani, huunda mashine ya kamera inayolisha taulo kwenye mashine ya kukunja. Nadhani ni mashine ya aina hii aliyoiona mama.

Basi, itafika huku? Nilimjibu mama hivi. Kule Ulaya mishahara iko juu, na kiwanda kimoja hufulia hoteli na hospitali nyingi, hivyo nguo hazikatiki mwaka mzima. Mashine ghali hurudisha gharama yake ikiwa haipumziki. Kwetu Diani hoteli nyingi hufua zenyewe, na wageni huja kwa misimu. Masika yakiingia, vitanda hubaki vitupu. Ni nani atakayenunua roboti ili ikae bure mwezi wa Mei? Kwa hiyo haitakuja kesho. Lakini bei ikishuka, au hoteli kadhaa zikiungana zikafulia mahali pamoja, itakuja.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha jambo. Mwaka wa 2020, nikiwa darasa la tano, hakuna roboti iliyomfukuza kazi. Korona ilikuja, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tangu mwezi wa Machi hadi Agosti, hoteli zikafungwa, na mama akarudi nyumbani na mkoba mtupu. Tulikula muhogo asubuhi na jioni. Tangu hapo ameelewa kwamba kazi ya dobi hutegemea kitanda chenye mgeni kabla ya kutegemea mashine. Nikamwuliza kama angeichukia mashine hiyo. Akasema, "Miguu yangu ingeishukuru. Nasimama tangu alfajiri, joto la rola usoni. Lakini karo yako italipwa na nani?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo kiini cha makala haya. Mashine yenyewe si adui. Kuinua mashuka mabichi na kupekua nguo zinazoweza kuwa na sindano si kazi ya kumtakia mama yako. Ubaya utakuja ikiwa mashine italetwa usiku, na asubuhi mama aambiwe asirudi. Yeye anajua shuka lipi limechakaa, doa lipi ni la mafuta ya kujipaka na lipi ni la mdalasini, taulo ipi itararuka ikivutwa. Ujuzi huo ndio roboti hufundishwa kwa maelfu ya mifano. Basi hoteli itakayonunua mashine na iwafunze madobi wake kuisimamia, maana hakuna anayeijua nguo kuwashinda.

Nasi wanafunzi wa Kwale tusiogope hesabu na fizikia. Kamera zile ziliundwa na watu waliokaa darasani kama sisi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nimeshayavulia: nataka nisomee uhandisi.

Usiku ule nilipomaliza kumweleza mama, alinirushia shuka lililotoka kwenye kamba. "Haya mhandisi," akasema, "shika pembe hiyo."

Nilishika mkunjo.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.