Kisu Tumboni, Faida Kichwani?

Sisi watu wa Pwani tuna ndimi mbili kuhusu unene. Mtoto mdogo akijaa mashavu twasema amenawiri, mashallah, kwao kuna neema. Mtoto huyo huyo akifika sekondari na uzito wake ukampita babake, jina lake hugeuka akawa Kibonge. Pita Shanzu saa za kutoka shule, kuanzia Majaoni hadi barabara ya Malindi, utamwona: ameachwa nyuma na wenzake, anahema, mkoba begani na chupa ya soda mkononi. Ripoti yake ya muhula yasema husinzia darasani na husahau upesi. Nyumbani wameshakata shauri kwamba ni mvivu.

Nchi nzima inaongezeka uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa 2022 uliwakuta 45.

Basi kabla hujamwita mwanao mvivu, nenda ukamsikilize amelala. Je, anakoroma, kisha ananyamaza ghafla kama aliyekabwa, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu? Mafuta ya shingoni huweza kubana njia ya hewa mara nyingi kwa usiku mmoja, na kila mara ubongo hulazimika kumwamsha kidogo, bila yeye mwenyewe kujua. Asubuhi atakuambia amelala saa nane. Amelala, lakini hakupumzika. Na ni katika usingizi mzito ndipo ubongo hupanga na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana.

Kukoroma si hadithi yote. Mafuta mengi mwilini, hasa ya tumboni, humwaga katika damu kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Ubongo, ambao hula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zote za mwili uliotulia, hauwezi kukosa kuathirika. Sehemu yake ya mbele, ile inayotushikia hatamu tunapotamani kitu, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Picha za ubongo za vijana wanene zimeonyesha tofauti katika sehemu hiyo, ingawa ni vigumu kujua kipi kilitangulia: unene, au ile shida ya kujizuia mbele ya sahani ya viazi karai. Tusisahau pia kwamba mtoto anayechekwa kutwa hana utulivu wa kujifunza.

Siku hizi wazazi wenye uwezo wameanza kuulizia upasuaji, unaofanywa katika hospitali kadhaa za kibinafsi Nairobi. Ule unaofanywa zaidi huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula, ukabaki kama bomba jembamba. Mtu hushiba upesi, na pia sehemu iliyokatwa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni inayouambia ubongo kuwa kuna njaa. Kwa hiyo kisu hukata tumboni, lakini habari yake hufika kichwani.

Je, akili hunufaika? Mwaka 2017 watafiti wa Washington, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana 10 waliopasuliwa hivyo, wakawalinganisha na vijana wanene 14 waliokuwa bado hawajapasuliwa na 12 wenye uzito wa kawaida. Baada ya miezi minne waliopasuliwa walipata nafuu katika majaribio ya kukumbuka na ya kujizuia, na picha za ubongo zikaonyesha mabadiliko. Hiyo ni habari njema, lakini hesabu tena: vijana 10, miezi 4. Huwezi kujenga nyumba juu ya msingi huo. Kwa watu wazima ushahidi una uzito zaidi. Huko Uholanzi walifuatilia watu 133 wa miaka 35 hadi 55, na matokeo yaliyotoka 2024 yalionyesha kuwa miaka miwili baada ya upasuaji zaidi ya 40 kati ya kila 100 walikuwa na nafuu ya akili. Hata hivyo hakuna daktari atakayempasua mwanao tumbo akaamka ameijua aljebra. Kinachorudi, kikirudi, ni usingizi, umakini na nguvu ya kusema hapana.

Kwa upande wa mwili, utafiti mmoja mkubwa wa vijana ulianza Marekani mwaka 2007 kwa watu 242. Wastani wao ulikuwa kilo 149. Baada ya miaka mitatu walikuwa wamepungua takriban kilo 41, na karibu wote waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kiliwatoka. Lakini 57 kati ya kila 100 walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na 13 kati ya 100 walirudi kwa matibabu mengine ya tumbo, ikiwemo upasuaji.

Hapo kwenye upungufu, msomaji, ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu ubongo unaotarajiwa kunufaika ndio huo huo unaoweza kuumia. Vitamini B1 hudumu mwilini wiki chache tu. Kijana aliyepasuliwa akianza kutapika kila siku na mama akamwambia avumilie, akiba hiyo huisha. Macho huanza kucheza au kuona viwili viwili, mwendo hupepesuka, mawazo huvurugika. Asipopewa vitamini hiyo kwa haraka, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja. Vitamini B12 huisha polepole, kwa miaka, ikala mishipa ya fahamu kimyakimya. Na pombe hupanda kichwani kwa kasi zaidi kwa mtu aliyepasuliwa, jambo ambalo katika mtaa uliozungukwa na mahoteli na mangwe za mnazi si dogo. Huzuni nayo haikatwi na kisu: vijana 81 waliofuatiliwa Sweden kwa miaka mitano waliendelea kuhitaji sana huduma za afya ya akili, ingawa walikuwa wamekonda.

Upasuaji haumfai kila Kibonge. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2023 unaruhusu kuufikiria kuanzia miaka 13, kwa wenye unene mkubwa kabisa. Kijana wa mita 1.60, kwa mfano, angekuwa na kama kilo 102, au kilo 90 hivi na ugonjwa juu yake. Kwa wengine wote daktari ataanza na chakula, mazoezi, au dawa.

Kama mwanao ni wa kundi hilo, usiulize bei ya upasuaji peke yake. Uliza nani atampima damu mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi. Uliza vidonge vya vitamini vitagharimu kiasi gani kwa mwezi, maana atavimeza maisha yake yote, hata atakapokuwa bwenini na wewe hupo. Uliza akitapika usiku wa manane Shanzu, utampigia nani simu, na kama hospitali utakayomkimbiza ng'ambo ya daraja la Nyali itajua kumdunga B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa kuwa sukari ikitangulia hali huweza kuzidi kuwa mbaya.

Na ile ya kukoroma haihitaji kusubiri. Mrekodi kwa simu kesho usiku, dakika mbili zatosha, umpelekee daktari asikilize.