Kibali cha Kuingia Mlimani

Je, msomaji, wewe mzaliwa wa Marangu, umepata kulipita lango la mlima, au wawaachia wageni tu? Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliwekwa mwaka 1973. Ada hulipwa kabla ya kuingia, nawe mwananchi walipa kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni. Ukiisha kulipa, usikawie. Toka langoni hata Mandara ni mwendo wa saa tatu hivi. Aanzaye adhuhuri hugeukia njiani, na ada amekwisha kuitoa! Ukifika, usiridhike na vibanda. Robo saa mbele liko shimo la Maundi, kinywa cha volkano ya kale. Kukiwa kweupe, waona Kibo na Mawenzi. Chukua sweta: huko ni mita 2,700. Wakati wa masika, ngoja Juni.